“Ni Maji na Barafu Tu”: Maoni juu ya Hashishi ya Mapovu na Somo la Ukolezi

Siku moja, mwishoni mwa kipindi cha kemia cha kidato cha tatu, mwanafunzi mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka. Siku hiyo tulikuwa tumesoma njia za kutenganisha michanganyiko: kuchekecha, kuchuja, kukeneka, na kuacha vitu vizito vituame chini ya maji. Alisubiri mpaka darasa likawa tupu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: “Mwalimu, bangi ikitengenezwa kwa maji na barafu tu, bila kemikali yoyote, si inakuwa salama?”

Nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia kwamba bangi ni haramu, na kwamba sitaki kusikia swali hilo tena. Akasema, “Samahani, mwalimu,” akaenda zake. Nilibaki nikifuta ubao huku nikijua kwamba sikumjibu hata kidogo. Alikuwa ameuliza swali la somo la siku ile ile, tena swali zuri kuliko yote niliyoulizwa wiki ile, nami nikamfukuza nalo. Makala hii ni jibu nililomnyima. Naiandika kwa ajili ya walimu wenzangu na wanafunzi wao, kwa sababu naamini kijana yule hakuwa peke yake, na kwamba maneno “maji na barafu tu” yameingia katika vichwa vya vijana wengi kupitia simu zao kabla sisi walimu hatujapata habari.

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Mmea wa bangi, hasa maua ya mmea jike, umefunikwa na vinyweleo vidogo sana. Baadhi ya vinyweleo hivyo vina kichwa cha mviringo juu ya kijiti, mfano wa kiberiti kilichosimama. Kichwa hicho ni tezi. Upana wake kwa kawaida ni kati ya mikromita 50 na 100, yaani karibu sawa na unene wa unywele mmoja wa binadamu, na mikromita 1,000 hufanya milimita moja tu. Ndani ya tezi, chini ya ngozi nyembamba kama ya kitunguu, mmea hukusanya utomvu wake unaonata. Humo ndimo ilimo karibu dawa yote ya kulevya ya mmea huu. Majani mapana, vijiti na mbegu vina kiasi kidogo sana au havina kabisa.

Watu walilijua jambo hili zamani sana, ingawa hawakuwa na darubini. Katika mabonde ya Himalaya walisugua maua mabichi kwa viganja mpaka mikono ikawa myeusi kwa utomvu, kisha wakaukwangua. Huko huitwa charasi. Huko Lebanoni, Afghanistani na baadaye katika milima ya Rif nchini Moroko, walikausha mmea na kuukung’uta juu ya kitambaa ili vumbi la tezi lipenye na majani yabaki juu. Vumbi hilo likishindiliwa huwa bonge la kahawia ambalo dunia inaliita hashishi. Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tunafahamu mambo ya utomvu: ubani, manemane na sandarusi ni bidhaa zilizopita katika bandari zetu kwa karne nyingi. Hata neno letu “bangi” lilikuja na jahazi, kutoka Bara Hindi.

Hashishi ya mapovu ni ndugu mdogo katika ukoo huo. Mwaka 1994 huko Amsterdam, mwanamke mmoja aitwaye Mila Jansen alibuni mashine ya kutenganisha tezi kwa kuuzungusha mmea mkavu ndani ya pipa la wavu. Mwenyewe amesimulia kwamba wazo lile alilipata alipotazama mashine ya kukaushia nguo ikizunguka. Miaka michache baadaye, Uholanzi na Kanada, yakaenea matumizi ya maji ya barafu na mifuko ya wavu. Msingi wake ni fizikia ya kidato cha kwanza. Baridi hufanya tezi ziwe ngumu na rahisi kukatika. Tezi zilizokatika ni nzito kuliko maji, kwa hiyo huzama. Vipande vya majani huelea au hukamatwa na wavu. Kinachopatikana hukaushwa na kushindiliwa. Huitwa ya mapovu kwa sababu kikiguswa na moto huchemka na kutoa mapovu badala ya kuungua kama jani kavu. Sikueleza hatua za kazi hiyo na sikusudii kuzieleza. Kwa hoja yangu, msingi huo watosha.

Basi turudi kwenye swali: “bila kemikali yoyote.” Ni kweli kwamba hapa hakuna kiyeyushi kama vile butani, gesi ile inayowekwa katika viberiti vya gesi. Watu waliojaribu kuchota utomvu wa bangi kwa butani majumbani mwao huko Marekani wamelipua majiko yao na kuungua vibaya, kwa sababu butani ni nzito kuliko hewa, hutanda sakafuni, na hungoja cheche moja tu. Anayesema kwamba maji ni salama kuliko butani kwa mtengenezaji anasema kweli. Lakini tazama alivyoruka bila kutuaga: ameanza na usalama wa mtu anayetengeneza, akamaliza na usalama wa mtu anayetumia. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Neno “kemikali” nalo limepotoshwa mpaka linatia huruma. Maji ni kemikali. Dawa iliyomo katika tezi ni kemikali, na muundo wake unajulikana vizuri kabisa. Mwaka 1964, katika Taasisi ya Weizmann mjini Rehovot, Israeli, Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni waliitenganisha na kueleza muundo wake. Malighafi yao ilikuwa kilo 5 za hashishi ya Lebanoni iliyokamatwa na polisi, ambayo Mechoulam aliipewa na kuisafirisha ndani ya basi la abiria, huku watu wakishangaa harufu. (Naomba radhi kwa kisa hicho, lakini wanafunzi hukipenda, nao husahau majina yasiyo na kisa.) Jina kamili la dawa hiyo ni refu, ulimwengu mzima huiita THC.

Sasa tufike kwenye kiini. Kwa nini maji ya barafu hayaiondoi THC? Kwa sababu haiyeyuki katika maji. Lita moja ya maji huweza kuyeyusha chumvi ya mezani zaidi ya gramu 350, lakini THC huyeyuka miligramu chache tu. Ni kitu cha jamii ya mafuta. Ukiuosha mmea kwa maji, unaondoa vumbi, rangi, majani na vitu viyeyukavyo majini; THC inabaki mahali pake, ndani ya tezi. Kila unachokiondoa si dawa. Kwa hiyo kila unachokiondoa kinaongeza uwiano wa dawa katika kile kinachobaki.

Nadhani hapa ndipo vijana wanapopotezwa na uzoefu mwema wa nyumbani. Sote tumeona mihogo michungu ikilowekwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa na kutwangwa. Mama zetu hawakuhitaji kitabu kujua kwamba maji huondoa sumu. Na ni kweli: katika muhogo mchungu mna linamarini, kitu kinachoyeyuka majini na kinachotoa sianidi kinapovunjika. Wakati wa ukame wa mwaka 1981 huko Nampula, kaskazini ya Msumbiji, watu wenye njaa walifupisha kazi hiyo ya kuloweka na kuanika, na zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Kwa hiyo mtoto wa Kiafrika anapoambiwa kwamba kitu “kimeoshwa kwa maji,” anayo sababu ya kuamini kwamba kimekuwa chema. Lakini katika muhogo, maji hutoka na sumu na kuacha chakula. Katika bangi, maji hutoka na majani na kuacha dawa. Maji ni yale yale; kilichogeuka ni kitu kinachoyeyuka na kitu kisichoyeyuka.

Na kama mwanafunzi bado anasita, mwulize kuhusu gongo. Gongo hutengenezwa kwa pombe ya kawaida, moto na bomba linalopozwa kwa maji. Hakuna kemikali iliyoongezwa. Kuna mtu yeyote kijijini anayedai kwamba gongo ni nyepesi kuliko pombe iliyoizaa, ati kwa sababu ni moto na maji tu?

Walimu wa kemia watapenda kuongeza jambo moja. Katika mmea mbichi, sehemu kubwa ya dawa si THC yenyewe, bali ni asidi yake, ambayo hailevyi. Joto huiondolea asidi hiyo kaboni dioksidi:

C22H30O4 → C21H30O2 + CO2

Masi ya moli ya asidi ni 358.5, na ya THC ni 314.5. Mwanafunzi akipiga hesabu ataona kwamba gramu 100 za asidi hutoa gramu 88 hivi za THC, na zilizobaki hupotea hewani. Sehemu ndogo ya mapovu yale yanayosifiwa huenda ni gesi hiyo. Mengine ni mvuke wa mafuta ya harufu ya mmea. Wauzaji huyatumia mapovu kama kipimo cha ubora. Ni kipimo cha nini? Yanaonyesha tu kwamba takataka za majani ni chache. Hayasemi kuna THC asilimia ngapi. Hayasemi kama mkulima alinyunyizia dawa za wadudu, ambazo nyingi hupenda mafuta na hivyo hung’ang’ania utomvu badala ya kutoka na maji. Kuna dawa moja ya kuua kuvu, myclobutanil, ambayo hutumika katika mashamba ya mizabibu. Imewahi kukutwa katika bangi huko Marekani na Kanada, nayo ikichomwa hutoa sianidi, sumu ile ile ya muhogo. Wala mapovu hayasemi kama bonge lilishindiliwa kabla halijakauka, likaota kuvu katikati. Katika maabara tunawafundisha vijana kutofautisha jaribio linalojibu “kipo au hakipo” na jaribio linalojibu “kipo kiasi gani.” Mapovu hayajibu vizuri hata lile la kwanza.

Hebu sasa tupige hesabu ya kiasi gani. Bangi iliyokamatwa na serikali ya Marekani na kupimwa ilikuwa na THC asilimia 4 hivi mwaka 1995. Kufikia mwaka 2014 ilikuwa asilimia 12 hivi. Uchambuzi uliokusanya vipimo vya nchi mbalimbali, uliotolewa mwaka 2020, ulionyesha kwamba THC katika utomvu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 0.57 kila mwaka kati ya 1975 na 2017, karibu mara mbili ya mwendo wa majani na maua. Utomvu uliotenganishwa vizuri kwa barafu unaweza kuwa na asilimia 50 au hata kupita.

Chukua gramu 0.3 za kila kimoja. Ya asilimia 4 ina miligramu 12 za THC. Ya asilimia 12 ina miligramu 36. Ya asilimia 50 ina miligramu 150. Mwaka 2021 taasisi ya Marekani inayoshughulikia utafiti wa dawa za kulevya iliwataka watafiti wake watumie kipimo kimoja cha THC, miligramu 5, ili matokeo yao yaweze kulinganishwa. Kwa kipimo hicho, mfano wa kwanza ni vipimo 2.4, wa pili 7.2, wa tatu 30. Kanada, ambayo ilihalalisha bangi kwa watu wazima mwaka 2018, hairuhusu pakiti nzima ya chakula chenye bangi izidi miligramu 10. Ni kweli kwamba si THC yote hufika mwilini. Sehemu huteketea kwa moto, sehemu huondoka na moshi. Lakini hilo huwapunguzia wote watatu, na pengo kati yao hubaki pale pale. Mtu aliyezoea “kidogo tu” kwa macho, akabadilishiwa kitu bila kubadilisha ukubwa wa kidogo chake, amezidisha dozi yake mara kumi na mbili na nusu.

Na dozi hiyo inakwenda wapi? Mwaka 1988 Marekani, Allyn Howlett na mwanafunzi wake William Devane walionyesha kwamba ubongo una vipokezi ambavyo THC huvikalia kama ufunguo katika kitasa. Mwaka 1992 Devane, akiwa sasa na Mechoulam huko Yerusalemu, pamoja na Lumír Hanuš, walipata ufunguo halisi wa kitasa hicho, kitu ambacho ubongo wenyewe hukitengeneza. Wakakiita anandamidi, kwa neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu. Vipokezi hivyo vimejaa katika sehemu za kumbukumbu, mwendo wa viungo na kupima muda. Ni vichache sana katika shina la ubongo linaloendesha pumzi, na ndiyo sababu mtu aliyezidisha bangi huwa hafi kwa kukosa pumzi kama aliyezidisha heroini. Tuseme hivyo wazi. Mwalimu anayewaambia vijana kwamba msokoto mmoja unaua, huku vijana wakimjua jirani anayevuta kila jioni na bado analima, amejitoa mwenyewe katika orodha ya watu wanaosadikika.

Kuna ya kweli ya kutosha ya kusemwa, bila kutia chumvi. Ubongo wa binadamu huendelea kujijenga hadi katikati ya miaka ya ishirini, na mfumo huo wa vipokezi umo katika kazi ya ujenzi. Mwaka 2019 lilichapishwa jarida la utafiti lililoongozwa na Marta Di Forti, ambalo lililinganisha wagonjwa 901 waliopatwa kwa mara ya kwanza na maradhi ya akili ya kupoteza uhalisi, na watu 1,237 wasio wagonjwa, katika vituo 11 vya Ulaya na Brazili. Waliokuwa wakitumia kila siku bangi yenye THC asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tano wa kuwa miongoni mwa wagonjwa, wakilinganishwa na wasiowahi kutumia. Watafiti walikadiria kwamba, ikiwa uhusiano huo ni wa chanzo na matokeo, nusu ya wagonjwa wapya wa Amsterdam wasingepatwa kama bangi kali isingekuwapo mjini. Amsterdam ndiyo pale pale ilipobuniwa mashine ya pipa. Mwanafunzi mwerevu atauliza kama si kwamba wanaoelekea kuugua ndio wanaopenda kuvuta. Ni swali halali, wanasayansi wanaliuliza pia, na mwalimu asikasirike.

Neno “nyumbani” nalo si la kupita haraka. Bonge la utomvu ni dogo, halina sura ya hatari, na huchanganyika vizuri na siagi na unga kwa sababu hupenda mafuta. Huko Marekani, watoto walio chini ya miaka sita waliotolewa taarifa katika vituo vya sumu kwa kula vyakula vyenye bangi walikuwa 207 mwaka 2017. Mwaka 2021 walikuwa 3,054. Hawa hawakushawishiwa na rafiki wabaya. Walikuta biskuti mezani. Hapa kwetu Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekwisha kuonya mara kadhaa juu ya bangi kali iitwayo skanka, na juu ya biskuti zinazochanganywa nayo. Kwa hiyo hili si jambo la Amsterdam na Vancouver peke yake.

Kuhusu sheria, niseme machache. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 unautaja utomvu wa bangi peke yake, mbali na mmea, na kuueleza kuwa ni utomvu uliotenganishwa, uwe ghafi au uliosafishwa. Haukuuliza ulitenganishwa kwa nini. Tarehe 2 Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa inayohusika, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliiondoa bangi pamoja na utomvu wake katika orodha kali kuliko zote, lakini vikabaki katika orodha ya vitu vinavyodhibitiwa. Nchini Tanzania sheria ya mwaka 2015 inakataza, na maji ya barafu si utetezi mahakamani.

Wapo watakaosema kwamba bangi pia ni dawa ya hospitali. Ndiyo. Marekani iliidhinisha THC iliyotengenezwa maabara mwaka 1985 kwa wagonjwa wa saratani wanaotapika sana, na mwaka 2018 ikaidhinisha dawa ya kifafa cha utotoni iliyotokana na kitu kingine cha mmea huo, ambacho hakilevyi. Sioni haja ya kuwaficha wanafunzi habari hizo. Lakini waangalie chupa ya dawa ile: juu yake pameandikwa miligramu ngapi zimo katika kila mililita. Hicho ndicho kitu ambacho bonge la nyumbani halina, na hakipatikani kwa kutazama, kunusa wala kuyeyusha juu ya moto. Huhitaji mashine ya kromatografia na mtu aliyesomea kuitumia.

Najua pingamizi litakalotoka kwa wenzangu, maana nimekwisha kulisikia katika chumba cha walimu: kwamba kueleza ni kufundisha, na kwamba tukinyamaza vijana hawatajua. Ningekubali kama unyamavu wetu ungekuwa ndiyo unyamavu pekee. Lakini simu hazinyamazi. Kijana wangu alikuwa amekwisha kufundishwa. Alichofundishwa ni mchakato bila kipimo, na alikuja kwangu kutafuta kipimo. Nilipomfukuza, nilimrudisha kwa mwalimu wake wa kwanza. Tena hatuhitaji jani hata moja la bangi ili kulifundisha jambo hili. Muhula uliofuata nilifanya hivi, na mwalimu yeyote mwenye ndoo anaweza kufanya.

Nilichanganya gramu 10 za mchanga, gramu 20 za chumvi na gramu 20 za vumbi la mkaa. Niliwaambia wanafunzi wachukulie kwamba mchanga ndio kitu kinacholevya, kisha nikawauliza asilimia yake. Wakasema 20. Tukamimina mchanganyiko katika ndoo ya maji na kukoroga. Chumvi ikayeyuka, mkaa mwingi ukaelea na tukauengua, mchanga ukazama. Tukamwaga maji, tukaosha tena, tukaanika kilichobaki na kukipima. Kundi moja lilipata gramu 9.6, jingine gramu 11 kwa sababu mkaa uliolowa ulizama pamoja na mchanga, na palikuwa na ubishi mkubwa kuhusu nani amekosea. Nikawauliza: tumetumia kemikali gani? Maji tu. Je, mchanganyiko wetu umekuwa safi? Ndiyo. Umekuwa dhaifu?

Kijana yule alikuwa katika kundi la gramu 11. Hakunitazama, akaandika hesabu yake, kisha akainua mkono na kuuliza kama asilimia ya mchanga wao bado inaweza kujulikana ikiwa hawajui mkaa kiasi gani ulibaki ndani yake. Safari hii nilimwita ubaoni.

Walimu watakaojaribu zoezi hili na vitu vingine, kwa mfano mchele na pumba, au mahali ambapo mkaa wao unazama mno, nawaomba wamwandikie mhariri matokeo yao pamoja na makosa yaliyotokea.